Sumu Isiyotia Doa Kwenye Meno

Kuna utani ambao kila aliyesoma bweni na watoto wa Manyara, Arusha au Singida anaujua. Huna haja ya kumuuliza mtu katokea wapi, msubiri acheke. Meno yakiwa ya kahawia, kama yamelowekwa kwenye chai ya rangi miaka kumi, basi huyo ni wa huku kwetu kwenye maji ya floraidi. Mimi kwetu ni Haydom, kwa hiyo utani huo nimeusikia mpaka nimeuchoka.

Lakini hebu tuufikirie vizuri, wadau. Yale meno ndiyo maabara ya kwanza tuliyokuwa nayo. Kabla serikali haijaleta mtaalamu na chupa zake, watu walishajua maji haya yana kitu, kwa sababu watoto walikua nacho mdomoni. Pamoja na ushahidi huo wa wazi, bado ilichukua miongo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi mwaka 1974 tulijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu tungefuata kile cha dunia visima vingi vingefungwa na watu wangerudi kwenye madimbwi. Hiyo ndiyo kasi yetu hata pale ambapo sumu imejiandika kwenye meno ya watoto.

Sasa swali langu la leo. Je, ikiwa sumu yenyewe haiandiki popote?

Ninazungumzia aseniki. Haina rangi kwenye maji, haina ladha, haina harufu. Ukichemsha maji haitoki. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki sufuriani. Ukiweka WaterGuard, utaua vijidudu vya kuharisha lakini aseniki itakuwa palepale. Mtu anaweza kuinywa miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ngozi haijaanza kuwa na madoadoa na viganja na nyayo kuwa vigumu kama gamba. Baada ya hapo zinakuja saratani za ngozi, kibofu na mapafu. WHO inataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Mikrogramu 10, jamani! Mara 150 chini ya kile kiwango cha floraidi. Jicho haliwezi, ulimi hauwezi.

Kabla mtu hajaanza kusambaza meseji za kutisha watu, niseme wazi kwamba sijasema maji ya Haydom yana aseniki. Hoja yangu ni kwamba ukiangalia jinsi sumu hii inavyofanya kazi, sehemu kama yetu ndiyo ya kuuliza swali hili mapema. Na ili uelewe kwa nini, inabidi univumilie na kemia kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari, kemia niliachana nayo sekondari bila kuagana vizuri, lakini nimerudi kuisoma kwa ajili ya jambo hili na nimegundua si ngumu kama walimu walivyotutisha.

Wengi tunafikiri suala la aseniki ni kama suala la chumvi kwenye mboga: ipo au haipo, nyingi au kidogo. Sivyo. Aseniki ipo karibu kila mahali ardhini. Suala ni kama imefungwa kwenye jiwe au imefunguliwa ikaingia kwenye maji. Na wenye ufunguo ni wawili ambao hatuwafikirii kabisa: salfa, yaani kile kiberiti cha unga wa njano, na bakteria wasioonekana.

Tuanze na jiwe. Kwenye miamba mingi ya dhahabu kuna madini yanayoitwa asenopairaiti. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: chuma, aseniki na salfa. Likiwa chini huko, halina hewa, aseniki imelala usingizi wa miaka mamilioni. Salfa na chuma wameishikilia. Ukilileta juu, ukalisaga, ukalimwaga nje likanyeshewa, oksijeni na maji vinaanza kulila. Peke yake kazi hiyo ni ya polepole. Lakini kuna bakteria ambao chakula chao ndicho hicho, chuma na salfa. Mwaka 1947 wanasayansi wawili wa Marekani, Colmer na Hinkle, waliripoti kwamba vijidudu ndivyo vinavyosababisha maji makali ya tindikali yanayotoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Baadaye, mwaka 1970, Singer na Stumm walionyesha kwamba vijidudu hivyo vinaweza kuharakisha hatua muhimu ya kazi hiyo, ile ya chuma, mara milioni moja. Salfa inageuka kuwa tindikali ya salfa, jiwe linafunguka, na aseniki inatoka kwenda na maji.

Kwa hiyo unapoona rundo la mawe yaliyosagwa pembeni ya mgodi, usione taka iliyotulia. Ni jiko linalowaka bila moto.

Hili kwetu Tanzania si la vitabuni tu. Mwaka 2009 maji kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, Tarime, na kelele zake wengi mnazikumbuka. Watafiti Åsgeir Almås wa Norway na Mkabwa Manoko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo, tope na maji kuzunguka migodi ya Geita na North Mara, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012, na aseniki ilikuwa miongoni mwa vitu walivyovikuta vimepanda karibu na North Mara. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la mabaki kuvuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa KTH ya Stockholm nao wamepima maji ya ardhini kwenye ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, na wamekuta visima vinavyozidi kiwango cha WHO. Na hapa sikilizeni vizuri: aseniki nyingine ya huko haihitaji mgodi. Inatoka kwenye mwamba wenyewe, kisima kikichimbwa mahali pake.

Utasema Tarime ni mbali na Haydom. Sawa. Lakini ukitoka Haydom ukanyoosha kuelekea magharibi, ng'ambo ya bonde, utafika Sekenke wilayani Iramba. Hapo Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu ya hapo ndiyo ilitumika kutengeneza zile sarafu za Tabora za mwaka 1916, zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Mpaka leo wachimbaji wadogo wapo ukanda huo. Wanapasua mwamba, wanasaga, wanaosha, na kinachobaki wanakiita marudio. Jina zuri hilo, kwa sababu marudio huwa yanarudiwa: mtu mwingine anakuja kuyanunua ayachenjue tena kwa sainaidi. Tunapoongelea hatari za wachimbaji wadogo tunaimba zebaki, zebaki, zebaki. Ni sawa, zebaki ni hatari. Lakini zebaki tumeileta wenyewe kwenye chupa, tunaweza kuacha kuinunua. Aseniki ikiwepo kwenye mwamba, imekuja na jiwe lenyewe na hakuna aliyeinunua.

Sasa upande wa pili, na huu ndio ulionishangaza. Bakteria hao hao, maana yangu ndugu zao, wanaweza pia kuifunga aseniki.

Nenda kwenye kinamasi, pale kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Ile harufu ni gesi ya salfa. Inatengenezwa na bakteria wanaoishi bila oksijeni ambao wanapumua salfeti kama sisi tunavyopumua hewa. Beijerinck, Mholanzi, aliwagundua mwaka 1895. Gesi wanayoitoa ikikutana na chuma na aseniki kwenye tope, inavikamata na kuvirudisha kuwa madini, karibu na vile vilivyokuwa kwenye jiwe kabla hatujalisaga. Kuna bakteria aliyeelezwa mwaka 1997 na Dianne Newman na wenzake anayeweza kutengeneza kabisa orpimenti, madini ya njano ya aseniki na salfa ambayo wachoraji wa zamani waliyatumia kama rangi.

Kwa maneno mengine kinamasi chenye harufu mbaya kinaweza kuwa mlinzi wa maji yako bila mshahara. Sisi tunakiita uchafu, tunakikausha tulime vitunguu. Tope lile likikauka na kupasuka, oksijeni inaingia, na kilichofungwa kinafunguliwa upya. Mvua ya kwanza inakibeba.

Hapo ningeweza kumaliza na kusema "tunzeni vinamasi" tukapiga makofi. Lakini kwetu mambo si mepesi hivyo, kwa sababu sisi ni watu wa magadi.

Angalia ramani. Kaskazini yetu Ziwa Eyasi. Upande wa Hanang kuna Balangida, chini ya mlima. Mbele zaidi Manyara na Natron. Ni Bonde la Ufa, maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, maji yanakauka na kuacha chumvi na magadi. Magadi ndiyo yanayosaidia floraidi kukaa kwenye maji, maana yanapunguza kalisi ambayo ingeishika. Na magadi yanaifanyia aseniki jambo linalofanana. Kwenye maji ya kawaida aseniki inapenda kujibandika kwenye kutu ya chuma iliyoko kwenye mchanga. Maji yakiwa na magadi mengi, pH ikapita 8.5 hivi, kutu inaiachia. Huko Ethiopia, kwenye Bonde la Ufa hilihili letu, watafiti wamekuta floraidi na aseniki zikipanda pamoja kwenye visima.

Na ule ulinzi wa salfa? Kwenye maji ya magadi unaweza kugeuka. Gesi ya salfa ikiwa nyingi kuliko chuma kilichopo, inajiunga na aseniki kutengeneza kitu kinachoyeyuka na kusafiri badala ya kuganda. Polisi anakuwa dereva wa mwizi. Mfano unaojulikana sana ni Mono Lake, ziwa la magadi huko California, pH yake kama 9.8, lenye aseniki ya miligramu 15 hivi kwa lita, yaani mara 1,500 ya kiwango cha WHO. Huko bakteria wanaishi raha mustarehe, wengine wanaipumua aseniki yenyewe. Ron Oremland na wenzake walitumia miaka mingi kuwasoma.

Ndiyo maana nasema sheria moja haiwezi kutosha nchi nzima. Kinachoifunga aseniki kwenye kinamasi chenye chuma kinaweza kuifungua pembeni ya ziwa la magadi. Mtaalamu akija na jibu alilolitoa Mwanza, muulize kwanza pH.

Sasa njoo kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Haydom tunajulikana kwa hospitali. Wanorwe waliifungua mwaka 1955, na ndiyo sababu watu wa mbali wanalijua jina letu. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa kituo cha Tanzania cha utafiti mkubwa ulioitwa MAL-ED, wa nchi nane, uliofuatilia watoto wachanga kuona jinsi kuharisha na lishe duni vinavyowazuia kukua. Nchi nyingine kati ya hizo nane ni Bangladesh. Ukisoma habari za Bangladesh utaona vita yao na ya kwetu ni moja: watoto wanakufa kwa maji machafu ya juu ya ardhi.

Bangladesh walifanya nini? Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa UNICEF na wengine, walichimba visima vya pampu kwa mamilioni ili watu waache maji ya madimbwi. Nia njema kabisa. Maji yalikuwa meupe, baridi, hayana vijidudu. Mwaka 1993 aseniki ikathibitishwa kwenye visima hivyo. Kumbe chini kule, kwenye mchanga ulioletwa na mito kutoka Himalaya, aseniki ilikuwa imebandikwa kwenye kutu, na bakteria wasio na oksijeni walikuwa wanaila kutu hiyo na kuiachia aseniki kwenye maji. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake waliandika kwenye jarida la WHO kwamba huko ndiko watu wengi zaidi katika historia walikopewa sumu kwa pamoja: kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini.

Na mwaka 1992, mwaka mmoja tu kabla, wataalamu wa Uingereza wa British Geological Survey walikuwa wamepima maji ya visima huko. Walipima vitu vingi. Aseniki hawakupima. Wananchi walipokwenda mahakamani London, kesi ikafika mpaka juu kabisa, na mwaka 2006 majaji wakaitupa: wapimaji hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa mnywaji. Mwisho wa habari.

Mimi kesi hiyo naisoma hivi. Usitegemee kwamba baadaye kuna mtu atawajibika kwa mstari ambao haukuandikwa kwenye karatasi ya majibu. Udai mstari huo leo.

Najua jibu nitakalopewa, nimeshalisikia hata kwa rafiki zangu wenye digrii. "Bwana, kuna mama anatembea saa mbili kutafuta maji, wewe unatuletea habari za mikrogramu. Kuharisha kunaua wiki hii, aseniki itaua baada ya miaka 20." Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuidharau. Hata mimi ningechagua kisima kuliko dimbwi. Lakini angalia vizuri, hapa hakuna wa kuchagua kati ya kisima na kipimo. Gharama kubwa ni gari la kuchimba, mabomba na pampu. Kipimo cha aseniki ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kuna vifaa vya kupimia hata palepale kisimani: unaweka dawa kwenye chupa, gesi inapanda na kubadilisha rangi ya karatasi kuwa njano mpaka kahawia. Bangladesh walitumia vifaa vya namna hiyo kijiji kwa kijiji, kisima salama wakakipaka rangi ya kijani, chenye sumu nyekundu. Watu wengi walihama tu kutoka pampu nyekundu kwenda ya jirani ya kijani. Rangi kopo moja.

Na hapa tena salfa inaingia. Maji yenye harufu ya yai viza yanaweza kukidanganya kifaa hicho, kwa sababu gesi ya salfa nayo inachafua karatasi. Hata sampuli ya kupelekwa maabara, ukiiwekea tindikali ili isiharibike, aseniki inaweza kuganda pamoja na salfa chini ya chupa, na maabara ikasoma kidogo kuliko iliyopo. Kwa hiyo kisima chenye harufu kinahitaji mpimaji anayejua hivyo, na ambaye ameandika harufu hiyo kwenye fomu yake. Mama anayechota maji anaijua harufu hiyo kila asubuhi. Aulizwe.

Basi ninachodai ni vitu vinne, na nadhani havihitaji semina hotelini.

Kwanza, kila kisima kipya, kiwe cha RUWASA, cha kanisa, cha msikiti au cha mfadhili, karatasi yake ya majibu iwe na mstari wa aseniki, hasa ukanda wote wa magadi na wa dhahabu. Bodi ya Maji Bonde la Kati iko Singida, si mbali.

Pili, kipimo kisiwe cha siku ya uzinduzi tu. Kipimwe kiangazi na masika, na kirudiwe miaka ikipita. Bakteria hawahudhurii uzinduzi. Wanafanya kazi mwaka mzima, na maji yanabadilika kadiri tunavyoyavuta.

Tatu, marudio yasimwagwe kwenye korongo wala karibu na kinamasi au kisima. Anayepewa leseni ya kuchenjua aonyeshe kwanza mvua ikinyesha maji yake yanakwenda wapi.

Nne, majibu yabandikwe hadharani kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kama tunavyobandika majina ya wapiga kura. Majibu yaliyofungiwa kwenye faili la wilaya hayamsaidii anayekunywa.

Wenzangu waandishi, na sisi tuna sehemu yetu. Kila wiki tunaalikwa kwenye uzinduzi wa mradi wa maji. Mheshimiwa anafungua bomba, anakunywa glasi moja mbele ya kamera, watu wanapiga vigelegele, sisi tunaandika "wananchi waondokana na kero ya maji". Safari ijayo kabla hujaandika sentensi hiyo, omba karatasi ya majibu ya maabara. Tafuta mstari wa floraidi. Kisha tafuta wa aseniki. Kama haupo, hiyo ndiyo habari yako ya ukurasa wa mbele.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Dar, Arusha au Mwanza, ukiwachangia ndugu zako kijijini fedha za kisima, una haki ya kuuliza swali hilohilo kabla pampu haijafungwa. Wakikuambia maji ni meupe na matamu, waambie umefurahi, kisha uliza tena.

Mnasemaje wadau?